Theluji ya Dukani

Ukitaka kuwajua Wahaya usiwaulize wenyewe, watakuchosha. Tazama tu wanavyomsindikiza mtoto anayekwenda kusoma. Mwaka 2004 Pius alisindikizwa kutoka kijijini kwao, saa moja kwa basi toka Bukoba mjini, kama askofu anayehamia jimbo jingine. Misa ikaombwa, ng'ombe akaangushwa, na baba yake, Mzee Joachim, mwalimu mkuu mstaafu, akahutubia mpaka rubisi, ile pombe ya ndizi, ikaanza kuchacha vibuyuni. Alisema mwanawe anakwenda chuo Uingereza, na kwamba tangu siku hiyo ukoo wao usitajwe tena kwa mkupuo mmoja na koo za kawaida. Watu walipiga makofi sana, hata hao wa koo za kawaida.

Sasa huyo Pius, Jumapili moja ya mwezi wa tisa mwaka 2007, saa kumi na moja alfajiri, alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa arobaini na mbili, Dubai Marina. Shati jeupe, tai ya kubana, redio ya upepo kiunoni. Kazi yake ilikuwa kumfungulia mlango mtu mwenye mikono yake miwili mizima. Usiku kucha alikuwa ametazama saa ya ukutani kuliko alivyotazama mlango. Saa kumi na mbili na nusu ndege iliyombeba mdogo wake Paskazia ingetua Dubai. Saa tatu asubuhi Paskazia angepanda nyingine kwenda London. Na London, kwa jinsi alivyojua yeye, kaka yake Pius angekuwa amesimama anamngoja, kaka mwanafunzi, kaka anayeijua Uingereza kama njia ya kisimani.

Uingereza yenyewe Pius hakuwahi kuiona hata kwa darubini.

Usimcheke kwanza. Dalali mmoja wa vyuo kule Dar es Salaam alimwambia viza ya Uingereza hutoka haraka ukiiombea Dubai. Wiki mbili tu, alisema. Pius akaja na suti aliyonunuliwa na ukoo. Akaomba viza, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena, na barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Haya, niambie wewe uliye hodari: ungerudi? Unarudije kwa watu waliokula ng'ombe kwa ajili yako? Pius akatafuta kazi ya ulinzi, akapewa kitanda cha juu kwenye nyumba ya wafanyakazi kule Dubai Investments Park, akajiambia ni kwa muda, mpaka mambo yakae sawa. Mambo yalikaa kweli, yakakaa miaka mitatu.

Barua ya kwanza aliiandika kwa hofu tu, ili baba asije akaanza kuulizia ubalozini. Alikuwa na rafiki, Samuel, kijana wa Mbeya waliyelala naye chumba kimoja wakati wote wawili wakingoja viza. Samuel, yake ilitoka. Basi Pius akawa anaandika barua Dubai, anaitia ndani ya bahasha nyingine, anaituma kwa Samuel mjini Leicester. Samuel anabandika stempu ya huko na kuiposti Bukoba. Majibu yalipita njia hiyo hiyo. Simu alipiga yeye mwenyewe mara mojamoja kwa kadi za kukwangua, ambazo hazioneshi namba. Aliwaambia bwenini simu haziruhusiwi, zinavuruga masomo. Mzee Joachim alilipenda sana hilo.

Lakini masomo yenyewe Mzee hakuyataka baruani. Masomo alishayasoma yeye zamani, alisema. Anachotaka kusikia ni matembezi. Chuo kinawapeleka wapi? Wenyeji wanaishije? Wanakula nini wakikaa wenyewe bila wageni? Jirani mmoja alikuwa na mpwa Norway aliyetuma habari za matembezi, na haiwezekani Norway iishinde Uingereza. Basi kila baada ya miezi miwili Pius alitakiwa kutembea.

Akatembea. Ghorofa ya kumi na tisa alikaa mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, ambaye Pius humbebea mifuko ya sokoni. Kwenye lifti mama yule alipenda kusimulia utoto wake: samaki na chipsi ndani ya karatasi, ufukweni, upepo unapeperusha kofia. Kufikia asubuhi yake, baruani, Pius alikuwa ameshakwenda ufukweni na wanafunzi wenzake, na kofia yake ilikuwa imepeperushwa. Siku mama yule aliposafiri, Pius alijitegemea. Alikwenda kwenye ngome ambayo wageni huvua viatu mlangoni. Alialikwa kwenye nyumba ya mwalimu, ambako kila mgeni huja na mkate wake. Alitembelea mashamba makubwa ya chai nje ya London, maana alifikiri, watu wanaokunywa chai namna ile, watakosaje kuilima? Aliandika pia kwamba Uingereza mtu hatoki nje bila glavu, hata mwezi wa saba, na ukionekana mikono mitupu unahesabiwa mshamba.

Kilele kilikuwa picha. Dubai, katika duka moja kubwa, walijenga jumba la barafu, na mtu ukilipa kiingilio unapewa koti na mabuti, unaingia ndani ya theluji huku nje watu wanaiva kwa jua. Pius alikwenda siku ya mapumziko na kamera ya kuazima. Akasimama hadi magotini, akatabasamu kwa meno yanayogongana. Nyuma ya picha aliandika: Matembezi ya wanafunzi, Scotland. Picha hiyo Mzee Joachim aliitia fremu akaitundika sebuleni karibu na ya askofu, na watu waliosikia walikuja kuitazama.

Kumbe aliyekuwa anazisoma barua hizo kuliko wote ni Paskazia. Alikuwa na miaka kumi na sita Pius alipoondoka. Barua zote alizihifadhi kwenye boksi la viatu, akazisoma mpaka akazijua kwa moyo kama sala. Na akasoma shule kwelikweli, siyo kama wengine tunaowajua. Akapata nafasi ya kusomea uuguzi, huko huko Uingereza, na viza akapewa mara ya kwanza tu.

Ijumaa, siku mbili kabla ya safari, Samuel ndiye aliyepiga.

"Bwana, barua ya baba yako ilichelewa, imefika leo. Mdogo wako anakuja Jumapili, anapita huko Dubai. Chuo chake kilikuwa na basi la kuwapokea wageni uwanjani, yeye amewajibu hahitaji, kaka yake atakuja kumchukua."

"Samuel, ndugu yangu, nenda wewe..."

"Nipo kazini Jumapili mpaka jioni. Halafu nisikilize, Pius. Mimi nimekuwa posta yako miaka mitatu, sijalalamika. Lakini kusimama mbele ya mtoto wa watu uwanjani nikamwambia mimi ndiye wewe, hilo hapana. Mwambie."

Pius akakwangua kadi, akampigia baba ili aseme. Alikuwa ameshayapanga maneno. Mzee alipopokea, alipiga kelele ya furaha moja tu: "Pius! Mtoto ameshaondoka na basi la Kampala, akapandie ndege Entebbe! Utampokea?" Na Pius, ulimi wake wenyewe, anausikia kwa masikio yake, ukasema: "Nitampokea, Tata." Akakata. Akakaa kitandani ameshika ile kadi.

Hivyo ndivyo alivyofika ile Jumapili.

Saa kumi na mbili alipokabidhi zamu hakubadili hata shati. Alichukua teksi kwenda uwanja wa ndege. Ilikuwa Ramadhani, na barabara asubuhi ile zilikuwa tupu. Dereva, Mpathani wa Pakistan mwenye ndevu nyekundu, alikwenda kasi kimya kimya, na Pius akaona ni kasi ndogo. Koo lilimkauka lakini chupa ya maji aliiacha mfukoni. Mkristo ni Mkristo, na adabu ni adabu.

Tatizo lilikuwa hili: abiria anayebadili ndege hatoki nje, na mlinzi wa jengo la Marina haingii ndani. Lakini watu wetu Dubai hawakosi mtu. Mtu wa Pius alikuwa Leah, Mkenya wa Nakuru, mfanya usafi wa humo humo ndani ya uwanja, aliyekaa mtaa wa Rashidiya na wenzake wanne. Walifahamiana kanisani, kwenye kwaya ya Waafrika Mashariki, ambako Leah aliimba sauti ya kwanza na Pius alifungua mdomo. Jumamosi jioni Pius alimweleza kila kitu. Leah alicheka kwa dakika nzima, kisha akaacha ghafla.

"Wewe Pius ni mtu mbaya, unajua? Mtoto wa kike anatua Heathrow, kule London, peke yake juu ya uongo wako?"

"Ndiyo maana nakuomba, Leah."

"Supavaiza akinipata nimempa abiria simu, mimi ni khalas, nimekwisha. Ni deportation, si mchezo."

"Najua."

"Hujui. Lakini sawa. Nitamjuaje?"

Pius akafikiri. Miaka mitatu ni mingi kwa msichana. Kisha akajibu kwa sauti ya chini, uso ameugeuza pembeni: "Atakuwa amevaa glavu."

Saa moja na robo Pius alikuwa nje ya jengo la wanaowasili, karibu na nguzo, simu mkononi. Familia zilikuwa zinatoka na matoroli, madereva wameshika vibao vya majina. Kila mara mlango wa vioo ulipofunguka ubaridi wa ndani ulimpiga miguuni, mlango ukajifunga, joto likamrudia mgongoni. Saa moja na nusu. Saa mbili kasoro kumi. Akawaza labda Leah kahamishwa kituo. Akawaza labda mtoto kavua glavu, kapata akili mapema, na sasa anapita mbele ya Leah kama abiria yeyote. Akawaza, Mungu amsamehe, kwamba labda ndege imechelewa, na ikichelewa sana itamlazimu asiseme kitu leo. Wazo hilo alilishika kidogo, lilikuwa tamu.

Saa mbili na dakika tano simu ikalia.

"Nimempata," Leah alinong'ona. "Aki ya Mungu Pius, glavu za sufi, nyekundu. Na koti hadi huku chini. Watu wote wanamwangalia. Tuko choo ya wanawake, nimeweka kibao cha 'inasafishwa' mlangoni. Dakika kumi tu. Yalla, ongea."

Kisha sauti nyingine, nzito kuliko aliyoikumbuka, lakini ile ile.

"Haloo? Kaka?"

"Paskazia."

"Kaka Pius! Jamani waitu, huyu dada amenishtua, anajua jina langu! Uko Heathrow tayari? Si nilisema nafika saa saba na nusu mchana za huko? Mbona umewahi hivyo?"

"Siko Heathrow. Niko hapo hapo ulipo. Nje. Hapa Dubai, kuna ukuta tu katikati yetu."

Halafu akasikia mtu anavuta pumzi, na alipoelewa maana yake, Pius alitamani ardhi ifunguke.

"Umetoka Uingereza," alisema Paskazia, na sauti ikaanza kulowa, "umepanda ndege mpaka huku, kuja kunichukua njiani? Kaka! Na masomo je? Tata akisikia hili..."

"Paskazia, subiri."

"...atasimulia mpaka afe! Hakuna kaka mwingine..."

"Paskazia! Sijatoka Uingereza. Mimi nakaa hapa. Nimekaa hapa miaka yote mitatu. Ni mlinzi wa jengo. Uingereza sijawahi kufika."

Kule ndani mashine ya kukaushia mikono ikaunguruma yenyewe, ikanyamaza. Pius aliegemea nguzo. Mzee mmoja wa Kiarabu aliyekuwa akingoja wageni wake alimtazama, akasogea hatua mbili, kama mtu anayempisha mgonjwa.

"Na barua?" aliuliza Paskazia.

"Niliandika mimi. Rafiki yangu wa huko alikuwa anazituma."

"Na theluji? Ile picha ya Scotland?"

"Ya dukani."

"Dukani wanauza theluji?"

"Kuna jumba, ndani ya duka, wametengeneza... ndiyo. Ya dukani."

"Mashamba ya chai?"

Pius akaihamishia simu sikio la pili.

"Kaka, mimi niliyasema yale kwenye usaili." Sasa hakulia wala hakunong'ona, alisema polepole kama mtu anayehesabu vidonge. "Mzungu aliniuliza najua nini kuhusu Uingereza. Nikamwambia mashamba ya chai ya London. Akacheka. Nikamkatalia. Nikamwambia bwana, mimi kaka yangu anakaa huko, amekwenda kwa miguu yake. Nikamkatalia mtu nchi yake, Kaka. Wakaandika kwenye makaratasi yao, sijui waliandika nini. Siku nzima nilikuwa nakutetea."

"Nisamehe."

"Nina mkate kwenye begi. Wa kwenda nao kwa watu."

"Utupe. Na glavu... vua glavu, Paskazia. Hakuna anayevaa glavu mwezi wa tisa."

Alisikia ubishi wa Leah kwa mbali, "Harakisha msichana, kuna mama anagonga mlango," na mdogo wake anajibu kwa heshima, "Samahani dada, kidogo tu."

"Nani atanipokea?" aliuliza Paskazia. Hilo ndilo lilikuwa swali. Yote mengine yalikuwa historia.

Pius akatoa karatasi. Samuel, aliposikia kwamba mtoto ataambiwa ukweli, alikubali kumpokea akitoka kazini, akatuma maelezo, na Pius aliyanakili kwa herufi kubwa: ukitoka fuata kibao cha mabasi, ulizia basi la Leicester, siyo teksi, usimpe mtu begi lako, shuka kituo cha mwisho, Samuel atakuwepo amevaa koti la bluu, yeye atakufikisha chuoni. Akasoma. Paskazia aliandika kwenye kiganja.

"Kituo cha mabasi kiko mkono gani nikitoka?"

"Sijui."

"Ni mbali?"

"Sijui, Paskazia. Mimi sijui kitu."

Na hapo, nadhani, ndipo alipoaminika kwa mara ya kwanza.

"Basi sikiliza," alisema mtoto yule, na Pius akasikia muuguzi ndani yake, wale wanaokwambia geuka nikuchome sindano na unageuka. "Tata amesema nikitua tu nimpigie, kabla ya kitu chochote. Ataniuliza, kaka yako yuko hapo? Mpe simu nimsikie. Nitamjibu nini?"

"Mwambie..."

"Hapana. Usinifundishe tena. Mimi sitamdanganya, na sitaki kuwa mimi ninayemwambia. Ndege itakaa angani kwa saa saba na nusu. Mwambie wewe kabla sijatua."

"Leo ni Jumapili. Watu wamejaa pale nyumbani baada ya misa."

"Najua ni Jumapili," alisema Paskazia. "Khalas, dada anasema muda umekwisha." Neno hilo ameshalichukua, dakika kumi tu Dubai. Simu ikakatika.

Pius alingoja hadi saa tatu na nusu, mpaka ndege moja nyeupe ikapanda upande wa magharibi. Huenda ilikuwa hiyo. Akapanda basi, akabadilisha, akafika Dubai Investments Park saa tano, nguo zimemganda. Chumbani wenzake wa zamu ya usiku walilala wanakoroma, mapazia yamefungwa. Kulala hakuweza. Alifua shati ambalo halikuwa chafu. Akaenda kwenye kibanda cha nyuma ya bohari, akakwangua kadi mpya, akabonyeza namba ya baba mpaka tarakimu ya mwisho, akafuta. Saa nane. Akaibonyeza tena, ikaita mara moja, akakata. Akajiambia saa nane Mzee anakula. Akajiambia saa tisa Mzee anajinyoosha. Ukiwa na jambo la namna hii, baba yako hupata ratiba kuliko waziri.

Ndege ingetua saa kumi na nusu kwa saa za Dubai. Saa kumi kamili alibonyeza akaiacha iite.

"Haloo! Nani?"

"Ni mimi, Tata."

"Pius! Nyamazeni, ni Uingereza! Nyamazeni nyote!"

Ulikuwepo umati, Pius aliusikia, sauti za wanaume na vikombe. Na Mzee Joachim alikuwa na tabia moja, ya ualimu: simu yake ilikuwa ndogo na sauti yake haitoki nje, hivyo kila alichoambiwa alikirudia kwa wote, sentensi kwa sentensi, kama anayesomesha imla.

"Hamjambo, Tata?"

"Anauliza hatujambo!" Wote wakajibu hawajambo.

"Tata, nina neno la kukwambia wewe peke yako."

"Anasema ana neno!" Vikombe vikanyamaza.

Pius alifumba macho. Kama angesubiri sekunde moja zaidi angesema mvua inanyesha London, na kofia yake imepeperuka.

"Niko Dubai, Tata. Niko hapa tangu mwanzo. Viza nilinyimwa. Ni mlinzi. Zile barua zote ni uongo, na Paskazia nimeshamwambia, atakupigia sasa hivi."

"Anasema yuko Du..." alisema Mzee Joachim, na hapo akasimama.

Laini ilikuwa nzima. Pius alisikia kuku. Alisikia mtu anakohoa. Kisha sauti ya jirani, labda yule mwenye mpwa Norway, akiuliza: "Anasemaje, waitu?"

Mzee alisafisha koo. Alilisafisha kwa muda mrefu.

"Anasema," alianza, na sauti haikuwa yake kamili, "anasema ameduwaa. Chuo kiliwapeleka jana kuona ziwa. Ziwa la Uingereza. Anasema ni ziwa zuri, lakini halifikii letu."

"Halifikii letu!" watu wakapokea kwa furaha.

"Anasema wenyeji walimuuliza, kwenu kuna ziwa? Akawaambia kwetu kuna ziwa ambalo hili lenu lingekuwa dimbwi la bata."

Wakacheka, mtu akapiga meza. Pius alisimama nyuma ya bohari, simu sikioni, machozi yanamteremka bila kumwomba ruhusa. Uongo huo hakuutunga yeye. Ulikuwa mzuri kuliko yake yote.

Akasikia hatua, majani makavu ya mgomba yanavunjika, kelele zinabaki nyuma. Mzee alikuwa ametoka nje ya uwanja. Aliporudi kwenye simu alinong'ona, na Pius hakuwahi katika maisha yake kumsikia baba yake akinong'ona.

"Mtoto anapokewa na nani?"

"Samuel, Tata. Rafiki yangu. Mtu mzuri. Atamngoja kituo cha basi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Mzee alisogea mbali zaidi na nyumba.

"Huo ulinzi. Unakaa au unasimama?"

"Nasimama."

"Kwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili. Usiku kucha."

Mzee Joachim alikuwa anapumua kwa pua, kama alivyopumua zamani alipokuwa anasahihisha daftari la mtoto aliyemtumainia. Pius alingoja fimbo. Alingoja laana, alingoja simu ikatwe, na kila sekunde iliyopita bila kimoja kati ya hivyo ilimtisha kuliko iliyotangulia.

"Tata?"

"Kama ulisimama usiku," alisema Mzee, "saa hizi ilipaswa uwe umelala."

"Tata, nisa..."

"Mwalimu!" waliita kutoka nyumbani. "Anasemaje tena?"

"Nakuja!" Mzee aliitikia kwa ile sauti yake kubwa. Majani yakavunjika tena, kelele zikakaribia. Simu hakuikata. Labda alisahau, labda vidole vilikataa. Akaishusha tu, pembeni ya paja, na Pius akaendelea kumsikia kwa mbali akieleza mashua za kwenye lile ziwa, zimepakwa rangi gani, na wanafunzi walivyopangwa wawili wawili, akikwama katikati ya sentensi na kuanza upya. Watu walikuwa wanauliza maswali na Mzee anayajibu moja baada ya jingine. Pius hakukata. Alisikiliza mpaka kadi ikaisha.